Lensi ya Kapiteni na Mkono wa Papa Litoka

Wenzangu mliobaki labo, maabara yetu, siku ile ya kuniaga mlinipa keki, kitenge na hotuba ndefu iliyotaja vyeo ambavyo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshavisahau. Kisha mmoja wenu, chupa ya soda mkononi, akaniuliza: "Mama Véro, ni kweli wakati wa vita mulikuwa munatumika bila courant?" Nikajibu ndiyo, umeme haukuwapo, tukacheka, tukaendelea kula. Nilipofika nyumbani niliona jibu lile lilikuwa fupi mno. Basi nimekaa niandike. Vyeo nitaviacha pale pale kwenye hotuba.

Niliingia labo nikiwa binti wa mtaa wa Mangobo, hapa Kisangani, nimetoka shule, na blouse, koti jeupe la kazi, ambayo mama yangu aliipiga pasi hadi ikawa ngumu kama karatasi ya boksi. Kilichonipokea mlangoni ni harufu ya formoli, ile dawa tunayowekea vipande vya nyama za wagonjwa visioze. Ilinichoma macho, machozi yakanitiririka. Mzee mwembamba aliyekuwa amekaa mbele ya mikroskopi hakuinua hata kichwa.

"Siku ya kwanza bote banalia," akasema. "Kuya, ikala hapa. Angalia, uniambie unaona nini."

Huyo ndiye Papa Litoka, mtu wa Basoko, mkubwa wa chumba chetu, aliyenifundisha kila kitu ninachokijua. Nikatazama.

"Naona kitu ya mwekundu, papa."

"Iko wapi?"

"Iko ndani ya mikroskopi."

Alicheka mpaka akavua miwani. Lakini tangu siku ile hakuniuliza swali jingine kwa miaka ila hilo la "Iko wapi?" Rangi yoyote inaweza kunasa mahali popote, alisema, hata kwenye uchafu. Kazi yetu ilikuwa kujua imenasa wapi: kwenye kiini cha seli, kwenye nyama inayozunguka kiini, au nje kabisa, juu ya kioo, ambako haina maana yoyote ila kwamba fundi hakuosha vizuri. Protini ile ile ikikaa hapa ni afya, ikikaa pale ni ugonjwa.

Nilielewa siku walipotuletea wagonjwa wa malale kutoka Yahuma, watu wanaosinzia na kijiko mdomoni. Katika maji ya uti wa mgongo wao tulikuta seli zilizovimba, zimejaa mapovu kama kishada cha zabibu. Papa Litoka alinieleza kwamba kazi ya seli ile ni kutengeneza protini za kupigana na ugonjwa na kuzitoa nje. Sasa imetengeneza, imetengeneza, imeshindwa kuzitoa, na zote zimerundikana ndani. "Ikitoka inje, iko askari," akasema. "Ikibakia ndani, iko muzigo." Nilibaki nikiitazama seli ile, mdomo wazi. Sikuwahi kufikiri kwamba kitu kidogo namna ile kinaweza kuelemewa.

Jambo la pili alilonifundisha ni kulinda lensi. Ninyi mna mashine ya kukausha hewa. Sisi tulikuwa na mchele uliokaangwa bila mafuta, ndani ya sanduku la mbao, na mikroskopi inalala juu yake kama mgonjwa. Hewa ya Kisangani huotesha ukungu hata kwenye viatu vya harusi, na ukungu hupenda sana lensi. Lensi nzuri ina ngozi. Ukiiinamisha chini ya dirisha utaona mng'ao wa zambarau. Ile ndiyo ngozi, nyembamba kuliko kitu chochote unachokijua, imepakwa ili mwanga upite bila kurudi nyuma. Ukiipangusa na blouse yako umeichubua, na ikichubuka haioti tena.

Kuhusu ngozi hiyo tulikuwa na mtaalamu, Profesa Kasereka. Alifundisha fizikia chuoni. Ndugu zake wote, watu wa Kivu ya Kaskazini, waliuza vitenge na sabuni kwa jumla pale katikati ya mji, na walimhesabu yeye kuwa ndiye mtoto aliyepotea. Alikuwa na mashine ya laser, ya kutoa mwanga mkali ulionyooka, iliyoachwa na walimu wa kigeni wa zamani, na aliipenda kuliko chakula. Siku moja alikuja labo kwetu akihema, ameshika kioo kidogo kwa leso.

"Véro, mutie hii chini ya mikroskopi. Kuna kitu imeharibika, macho yangu haioni."

Nikaweka. Nilipolenga vizuri nilirudisha kichwa nyuma kwa mshtuko. Ngozi ya kioo kile ilikuwa na mashimo, moja hapa, moja pale, na kuzunguka kila shimo ukingo umejikunja kama chapati iliyoungua. Ilikuwa sura ya mtu aliyeugua ndui. Kioo chenyewe, chini, kilikuwa kizima.

"Nani alifanya hivi?"

"Mwanga," akasema Kasereka. "Mwanga tu. Vumbi ilikala juu ya kioo. Laser ikapiga vumbi, vumbi ikapata moto, ikachoma ngozi. Bila vumbi mwanga ungepita bila kufanya kitu." Alikuwa amehuzunika kama aliyefiwa. Papa Litoka akamletea kiti na sahani ya lituma, zile ndizi zilizopondwa, na samaki, na tangu siku hiyo profesa akawa wa kwetu.

Sasa nafika kwenye vita.

Jeshi moja la wageni lilikuja Kisangani pamoja na rafiki yake, jeshi jingine la wageni. Wakagawana mji, hawa upande huu, wale upande ule, na katikati sisi. Kisha marafiki wale wakagombana, na mahali pa kugombana wakachagua kwetu. Hadi leo nikiandika sentensi hiyo naisoma tena kuhakikisha sijakosea. Nchi mbili zinakosana, na mabomu yanaangukia mtu anayetwanga pondu, majani ya mihogo, mtaani Makiso.

Umeme ulikatika, tukageuza kioo cha chini cha mikroskopi kuelekea dirishani, tukafanya kazi kwa jua. Mvua ikinyesha, tulikaa. Rangi zilipoisha nilipanda mtumbwi wa injini mpaka Yangambi, ambako mzee mmoja wa utafiti wa kilimo, aliyekuwa bado akichunguza mizizi ya mihogo kana kwamba hakuna kinachoendelea duniani, alinigawia fuksini nyekundu na bluu ya methileni. Nilizirudisha nyumbani kifuani, ndani ya blouse. Chuo kilipofungwa Kasereka naye akawa anakuja labo kila asubuhi kwa toleka, kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akiwa na mfuko wa karatasi laini za kupangusia lensi. "Mahali ingine sina," alituambia.

Mapigano ya kwanza yalipotulia, mbwa wa mji walikuwa wamebadilika. Sitaandika walichokuwa wamekula. Asubuhi moja mbwa wa kahawia aliingia kwenye ua wetu, kichwa ameinamisha upande, ute ukining'inia. Getini palikuwa na askari wa lile jeshi lililoshika upande wetu, kijana aliyekuwa akilinda akisinzia. Mbwa akamng'ata mguu. Papa Litoka alikuwa kwenye pipa la maji ya mvua, anasuuza vyombo. Aligeuka kuona kelele ni za nini, na mbwa yule akamrukia, akamshika mkono juu ya kiwiko, na hakumwachia. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Askari alimpiga mbwa risasi pale pale, meno yakiwa bado kwenye blouse ya Papa Litoka.

Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji, tukaosha tena na tena, mpaka pipa likakaribia kwisha. Papa Litoka hakulia. Alikaa kwenye kiti, mkono umefungwa, uso umekuwa wa rangi ya majivu, akasema:

"Kateni kichwa ya mbwa. Muanze sasa."

"Papa, pumzika kwanza."

"Véro. Mimi sitaangalia hii lame. Mutu hawezi kusoma mbwa yake mwenyewe. Utaangalia wewe."

Mnajua sasa kuna njia nyingine za kupima kichaa cha mbwa. Sisi tulikuwa na njia moja. Unafungua ubongo, unatafuta sehemu iliyojikunja ndani kama pembe ya kondoo, unagusisha kipande chake kwenye lame, kile kioo chembamba cha kupakia, na kabla hakijakauka unatia rangi. Kama mbwa alikuwa na kichaa, protini za virusi hukusanyika ndani ya seli za ubongo na kuonekana kama shanga nyekundu. Shanga hizo lazima ziwe kwenye nyama ya seli, nje ya kiini. Ukiziona mahali pengine, si zenyewe.

Nilikuwa bado nachanganya rangi za Yangambi wakati kapiteni alipoingia. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa askari wa eneo letu. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, kilichonyooka, kama cha redio. Nyuma yake askari alibeba sanduku la plastiki la kijani.

"Mama, mbwa ana kichaa au hana?"

"Bado tunatafuta, kapiteni."

"Daktari wetu anataka jibu. Hawezi kuomba chanjo kwa ndege kwa kubahatisha. Ndege zinabeba vitu vingine siku hizi." Akafungua sanduku, akatoa chombo kama darubini nene yenye jicho la tatu. "Na hiki? Nimeambiwa hapa kuna mtu wa vioo."

Kasereka alikuwa pembeni, karatasi yake laini mkononi. Alikitazama chombo kile, nami nikaona kwamba amekitambua.

"Kinafanya kazi gani?" nikauliza.

"Unatazama mahali, unabonyeza, mwanga unakwenda na kurudi, kinakuambia umbali."

"Na halafu?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa na mtoto wake mvua inatoka wapi. "Halafu wenye mizinga wanajua wafanye nini."

Nilikuwa nimeshika chupa ya fuksini. Niliiweka chini. Alizungumza bila ukali wowote, na hilo ndilo lililonishtua zaidi.

"Tangu juzi hakisomi," akaendelea. "Bila hiki tunapiga kwa kukisia. Kukisia ni kubaya kwenu kuliko kwetu, mama. Nitengenezeeni, na dawa ya mzee wenu nitaileta mwenyewe. Msiponitengenezea, nitaagiza dawa ya askari wangu tu. Nitarudi jua likiinama."

Akaenda. Chombo kilibaki juu ya meza, kati ya bakuli lenye kichwa cha mbwa na mkono wa Papa Litoka.

Kasereka alikifungua kwa bisibisi ndogo ya miwani. Alitoa lensi ya mbele, akaiweka chini ya mikroskopi, akanipisha. Yalikuwa mashimo yale yale niliyoyaona miaka ya amani, lakini mengi zaidi, yameungana, ngozi imebanduka kama rangi ya ukuta wa zamani.

"Wamepangusa na kitambaa ya mchanga," akasema. "Mchanga ukabakia. Kila wakibonyeza, mwanga wao wenyewe unaichoma."

"Basi haitengenezeki."

"Hii, hapana. Haitengenezeki na mutu yeyote." Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kifurushi kidogo cha karatasi laini, akakifungua taratibu mezani. Ilikuwa lensi, safi, na mng'ao wake wa zambarau. "Ya laser yangu. Nilianza kutembea nayo kwa sababu ya wezi. Ngozi yake ilifanywa kwa mwanga ya namna moja na hii." Akaiinua, akaipima kwa macho kwenye tundu la chombo. Ingeingia. Hata mimi niliona kwamba ingeingia.

Nje, mtu alikuwa akiita wateja wa makemba, ndizi za kupika, kama siku yoyote.

"Muiondoe pale," akasema Papa Litoka.

"Papa, bila sindano utakufa," nikasema. Nilijisikia nimesema kwa sauti kubwa mno. "Unajua utakufa namna gani. Ulinionyesha mwenyewe ule mutu wa Lubunga, aliogopa maji mpaka..."

"Najua. Mukitengeneza hii kitu kwa ajili yangu, sindano sitaikubali. Mutanifunga kamba?"

Kasereka akasema polepole, akitazama chini: "Papa, sikiliza kidogo. Labda wakiona muzuri watapiga askari peke yake. Wasipoona, watapiga popote. Alisema kweli pale."

"Askari gani, Kasereka? Askari wa ule upande wanalala wapi? Kwenye mashule, kwenye parcelle, viwanja vya watu, nyuma ya jikoni. Ukipima umbali ya askari, umepima umbali ya nyumba."

Walinigeukia wote wawili. Lensi ilikuwa ya mmoja, mkono ulikuwa wa mwingine, lakini aliyeambiwa atoe jibu ni mimi. Nilitamani mtu anifukuze kazi saa ile ile.

Nikarudi kwenye mikroskopi, kwa sababu ni mahali pekee nilipojua kukaa. Nikatia rangi lame ya mbwa, nikaosha, nikageuza kioo cha chini kuelekea dirishani. Seli za ubongo zilikuwa za bluu, kubwa, nzuri. Na ndani yake shanga nyekundu. Seli baada ya seli. Nilisogeza lame upande mwingine nikitumaini nimekosea. Shanga.

"Iko wapi?" akauliza Papa Litoka nyuma yangu.

"Ndani ya nyama ya seli, papa. Inje ya kiini."

"Mingi?"

"Mingi."

Alifunga kifungo cha juu cha blouse yake, kile ambacho hakuwahi kukifunga. Halafu akamwambia Kasereka: "Weka lensi yako mufukoni."

Kapiteni aliporudi nilisimama mlangoni ili asimwone profesa uso, maana Kasereka hakujua kuficha kitu usoni. Nikasema: "Kapiteni, kuya uone mwenyewe."

Akavua kofia, akainama kwenye mikroskopi. Nilimwonyesha kwanza lensi yake. Alikaa akitazama muda mrefu.

"Ni nini hiki? Risasi?"

"Ni mwanga ya chombo yako. Mulipangusa na mchanga."

"Mwanga wetu wenyewe?" Aliinua kichwa, na nikaona mtu aliyeshtuka kweli, kama nilivyoshtuka mimi siku ile. "Na hakuna kioo kingine? Mji mzima huu?"

Kasereka alikuwa hatua chache nyuma yangu, mkono mfukoni. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Hakuna," nikasema.

Kapiteni alinitazama. Sijui aliona nini. Nikabadilisha lame kabla hajasema, nikaweka ile ya mbwa. "Na hii ni ya askari yako. Ile bluu ni seli. Ile mwekundu ndani yake ni ugonjwa. Haina mashaka, kapiteni. Kama hapati dawa, mutoto yule atakufa."

Alitazama tena. Safari hii alirudisha kichwa haraka, akajipangusa jicho kana kwamba kile kitu kingeweza kumrukia. Akachukua chombo chake na lensi iliyoungua, akavaa kofia, akatoka bila kuaga.

Tulikaa tukingoja waje kutukamata. Badala yake, kesho yake, askari mwingine alileta termosi yenye barafu. Ndani palikuwa na vichupa vya chanjo ya kuanzia, vilivyofungwa kwa kitambaa cha kijeshi. "Ya mzee," akasema, akaondoka. Nilikaa chini palepale kwenye sakafu ya korido nikiwa na termosi mapajani. Mpaka leo siwezi kuwaambia kwa nini alifanya vile. Papa Litoka alitaka kwanza Kasereka aape kwamba lensi iko mfukoni. Kasereka akamwonyesha. Ndipo akatoa mkono, nikamchoma.

Baada ya hapo vita vikubwa vikaanza. Kishindo cha kwanza kilitukuta tukiwa tunafungua labo. Kasereka aliamua kukimbilia kwake, mtaa wa Tshopo, kwa mke wake Mama Espérance na watoto. Nilimsindikiza mpaka getini. Toleka hazikuwapo, angekwenda kwa miguu akifuata kuta.

"Véro," akaniuliza, "tulifanya vizuri ao vibaya?"

"Sijui, prof."

"Mimi pia sijui. Nilifikiri kama mutu wa fizikia ningejua." Akatabasamu kidogo, akaenda.

Papa Litoka na mimi tulikaa chini ya meza ya saruji ya labo pamoja na wagonjwa walioweza kutembea. Sikujua kwamba sauti inaweza kumpiga mtu kifuani. Vioo vyote vya madirisha vilimwagika. Kila bomu lilipolia nilijiambia: hili limeanguka ovyo. Limeanguka ovyo kwa sababu mimi nilisema hakuna. Nilifunga mikono masikioni, na maneno yale yakaendelea ndani. Nilimwambia Papa Litoka. Akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima, na hakuuachia.

Mizinga iliponyamaza tulitoka nje tukiwa kama watu waliofufuliwa. Mji ulikuwa na harufu ambayo ningeshukuru formoli iifunike. Mama Espérance alikuja labo kwa miguu, watoto watatu nyuma yake, nywele zao zote nyeupe kwa vumbi la plasta, hata mdogo. Alisimama mlangoni.

"Alikuwa anajaza maji," akasema. "Nilikuwa namwambia atie kidumu ingine."

Bomu liliingia kupitia bati la jikoni. Walikuwa wamemzika kwenye parcelle, kando ya ukuta, maana njia ya makaburini ilikuwa haipitiki. Nilisikia maneno yake vizuri sana na sikuyaelewa. Nikamwuliza: "Nani?" Akarudia jina la mume wake, taratibu, kama unavyomtajia karani. Papa Litoka alivua miwani, akaitazama, akaivaa tena, akaivua.

Kisha majeshi yale yote mawili yakaanza kuondoka mjini. Magari yao yalipita yamejaa magodoro, redio, na hata milango. Nilikuwa nafagia vioo wakati kapiteni alipoingia peke yake, bila kofia, macho mekundu, amebeba termosi.

"Daktari wetu amesema mzee lazima amalize sindano," akasema. "Askari wangu yuko salama. Wamempeleka nyumbani." Akaiweka termosi mezani. "Asante kwa kunionyesha ile ya mbwa. Bila ile, wasingeleta."

Angeweza kwenda zake hapo. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilikuwa nimeshika ufagio, na nilitaka mtu mmoja duniani aniambie.

"Kapiteni. Ile jumelle yenu, ile ya kupima umbali. Kama ingetumika, mabomu ingeanguka kwa nyumba za watu namna hii?"

Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na akatazama sakafu.

"Mama, tulipata nyingine. Ndege iliyoleta chanjo ndiyo iliyoileta. Ilikuwapo kabla hatujaanza."

"Munasema nini?"

"Ilikuwa mpya. Ilisoma vizuri."

"Kwa hiyo hamkukisia."

"Hapana," akasema. "Tulipima."

Akatoka. Nilisikia gari lake likiwaka. Nilikuwa bado nimesimama katikati ya vioo, na sikuwa na hasira hata kidogo. Hasira zilikuja baadaye, baada ya miaka, na hazijaisha. Saa ile nilihisi tu kwamba sakafu imeondolewa chini ya miguu yangu, na nimesimama juu ya hewa.

Papa Litoka alikuwa amesikia yote kutoka chumba cha pili. Alikuja, akakaa kwenye kiti chake, akakunja mkono wa blouse. Alitazama termosi kwa muda. Nilifikiri atakataa.

"Choma," akasema.

Nikamchoma. Nilipomaliza akabonyeza pamba mwenyewe, akasimama.

"Twende Tshopo."

"Sasa, papa?"

"Kasereka alikuwa anataka kujua."

Tulikwenda kwa miguu kati ya nyumba zisizo na paa. Mama Espérance alitufungulia kile kilichobaki cha mlango, akatupeleka kando ya ukuta. Kaburi lilikuwa fupi kuliko nilivyotegemea, udongo bado mbichi. Papa Litoka alichuchumaa, mkono wake uliovimba juu ya goti, akasema kwa sauti ya kawaida, ile aliyokuwa akiitumia kumsemesha profesa wakati wa kula:

"Kasereka. Walikuwa na ingine. Tulikataa, na walikuwa na ingine. Walipima." Akapapasa udongo. "Hii bomu haikutoka kwako. Unasikia? Haikutoka kwako."

Mama Espérance akauliza ingine nini. Tukakaa naye chini pale, watoto wakicheza na vipande vya bati, tukamweleza tangu mwanzo.